Basi Lililopanda Tupu

Fundi hakuwahi kuliita basi. Aliliita friji. "Friji lenu limekuja?" aliuliza kila mkewe alipoingia kumchukua, na mkewe alijibu kwamba friji limekuja, lina abiria waliokwisha kukaa na mmoja anayekohoa kwa makusudi, na kama bwana mkubwa hataki kupanda basi abaki hapo hapo aoze kwa raha zake. Kisha alipiga magoti akamvisha soksi. Majirani wa ukuta wa pili walikuwa wamesikiliza mapenzi haya kwa miaka mingi, na hawakuona haja tena ya kuinua vichwa.

Mke ndiye aliyekuwa dereva wa friji. Njia nzima walimwita Shangazi, wakiwemo watu waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa na ile sura ya mtu anayeweza kukuuliza mbele za watu kama umekula. Kituo cha mwisho kilikuwa juu ya kilima, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Siku za hospitali aliegesha, akaomba radhi kwa abiria, akachepuka uchochoroni, akarudi amemshika mumewe kwapani. Hakuna aliyelalamika. Anayekohoa alikohoa, basi.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Fundi ndiye aliyekuwa mtu na Shangazi ndiye mke wa mtu. Kampuni ilikuwa na mabasi ya dizeli, na Fundi alikuwa fundi wao wa injini. Alisimama kando ya boneti macho amefumba, kidevu kimeinuka, kama anayesikiliza taarifa ya msiba wa mbali, halafu akasema, "Nozeli ya tatu," na mara nyingi ilikuwa nozeli ya tatu. Mara nyingine haikuwa, na wakafungua injini nzima bure, hizo hazikusimuliwa. Mkewe wakati huo alikuwa kondakta. Walikutana kwenye basi lililoharibika, na Fundi alidai mpaka mwisho kwamba hakulichelewesha kwa makusudi.

Kisha mabasi ya umeme yakaja. Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi alisema kwamba sasa mji utapumua, hakuna moshi, hakuna kelele, na alisema hivyo kwa kipaza sauti kilichosikika mpaka mtaa wa tatu. Mafundi wa dizeli waliagwa siku hiyo hiyo, pembeni kidogo, kila mmoja akapewa cheti na saa ya ukutani. Saa inatumia betri. Hakuna aliyekusudia kejeli. Ndizo zilizokuwepo dukani.

Makondakta nao hawakuhitajika tena, kwa kuwa nauli ililipwa kwa kadi. Ila mgeni rasmi alitaka kupigwa picha na mwanamke kwenye usukani, na Shangazi alikuwa amesimama karibu. Akafundishwa haraka haraka. Picha ikatoka gazetini, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kumshusha. Alikuja kuwa dereva mzuri kuliko wengi waliochaguliwa kwa sifa.

Fundi alilichukua jambo hilo kama mtu aliyedhulumiwa na ndugu. Mwaka mzima alijifulia nguo mwenyewe. "Nimekosa nini?" mkewe aliuliza. "Hujakosa," alijibu. "Umeajiriwa." Alikaa mlangoni kutazama mabasi yakipita bila sauti, na kila moja lilipopita alisema, "Hilo halifanyi kazi, linateleza tu." Pengine angeendelea hivyo mpaka uzee, lakini figo zake zilitangulia kustaafu, na zenyewe hazikutoa cheti.

Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa chini, ng'ambo ya mji. Alitakiwa kwenda mara tatu kwa wiki, maisha yake yote yaliyobaki, na daktari alieleza kwa upole kwamba mtu akiruka siku, mwili unalipiza. Pikipiki walijaribu mara moja. Fundi alifika amemkumbatia mwendeshaji kwa nguvu mno hata wakahitaji mtu wa tatu wa kuwaachanisha. Na hiyo ilikuwa wakati wa kwenda, akiwa bado ana nguvu. Teksi zilikikataa kilima au zilitaja bei ya kukikataa. Kuhamia bondeni kulitaka kodi ya bondeni. Likabaki friji. Kwa hiyo yule mtu aliyeporwa kazi na basi akawa anabebwa na basi hilo hilo kwenda kubaki hai, kiti cha kwanza nyuma ya dereva, mikono kifuani, akitazama dirishani kama abiria aliyekatiwa tiketi na adui.

Mwanzoni basi lilikipanda kile kilima kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Lakini miaka ikaenda. Betri zikachoka. Kampuni iliyouza mabasi ilikuwa imeahidi kuleta nyingine. Ikabadilisha jina, kisha anwani, kisha ikaacha kupokea simu. Yadini nguzo za kuchajia zilikuwa chache kuliko mabasi, na umeme wenyewe ulikatika ulivyopenda, hivyo asubuhi madereva waliingia kazini wakiuliza chaji kama watu wanavyoulizana habari za mgonjwa. "Umeamkaje?" "Asilimia sabini." "Pole."

Mhandisi wa kampuni, kijana mpole mwenye miwani, ndiye aliyemwita Shangazi siku moja wakasimama kando ya basi.

"Shangazi, betri ni kama goti," alisema. "Haifi ghafla, inazeeka. Kwenye tambarare hulisikii. Kilimani ndipo linaposema."

"Langu husema hata kitandani."

"Basi unanielewa. Hii njia ya kilimani nataka niifunge mpaka betri mpya zije."

"Zinakuja lini?"

Mhandisi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Shangazi alijua hesabu yake. Njia ikifungwa, Fundi hashuki. Fundi asiposhuka, hana wiki mbili. Hakumweleza Mhandisi hayo, kwa sababu Mhandisi aliyajua. Alikuwa amemwona Fundi kwenye kiti chake mara nyingi. Alisema tu, "Nipe kesho nikuonyeshe kitu. Kisipofaa, funga."

Kesho yake alisimamisha basi mguuni pa kilima, akafungua milango yote miwili, akageuka kwenye kiti. "Jamani, wenye miguu yenu mizima, shukeni mtembee mpaka juu. Wazee, wajawazito na wagonjwa wabaki. Mizigo ibaki. Mkikataa, kesho mtatembea kutoka mjini."

"Shangazi, nimelipa nauli ya kukaa!" mmoja alilia.

"Umekaa tangu sokoni. Sasa nyanyuka, damu izunguke."

Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Mayai, ambaye kila siku alipanda na trei zake. Alizipanga trei kwenye kiti, akazifunga kwa mtandio wake, akaziambia zitulie, akashuka. Wengine wakamfuata wakinung'unika. Basi likapanda tupu, mwendo wa mtu, wenye nauli wakitembea ubavuni na mayai yakipanda kwa raha. Juu, Mhandisi aliyekuwa akisubiri kituoni aliitazama namba ya chaji kwenye dashibodi kwa muda mrefu. Chaji ya kurudi ilikuwepo, na ya ziada kidogo.

"Hii haimo kwenye mwongozo," alisema.

"Na Fundi hayumo."

"Sijaona kitu," alisema Mhandisi, akateremka kilima kwa miguu. Alikuwa mtu mwema. Jambo hili litahitaji kukumbukwa.

Ikawa desturi. Watu huzoea chochote kikipewa mzaha, na mzaha ulipatikana mapema: Mama Mayai alianza kulipiga basi ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayeswaga ng'ombe, akiimba, "Vuta, friji, vuta!" Jina alilipata kwa Fundi mwenyewe, aliyelitangaza bila choyo. Baada ya muda wote walipiga, na Shangazi akatoa mkono dirishani kuwapungia. Wageni wa mtaa walioona basi likienda polepole namna ile, bila sauti, umati ukiambatana nalo, walivua kofia wakasimama kando. Ikabidi waambiwe kwamba hakuna aliyekufa, ni usafiri.

Sharti lilikuwa moja: dereva asisimame kilimani. Betri iliyozeeka ikilazimishwa kuondoka tena katikati ya mwinuko huweza kukata kabisa. Iliwahi kutokea. Shangazi alimkwepa mbuzi, akasimama, na basi likazima kama taa. Likavutwa na lori mbele ya mtaa mzima. Mhandisi alikuja akasema, bila kupandisha sauti, "Shangazi, likizima tena hapa, sitaweza kusema sijaona." Tangu hapo Shangazi hakusimamia mbuzi wala mtu. Mikono kwenye usukani, macho mbele, mguu ukikanyaga kana kwamba chini yake kuna yai.

Fundi peke yake ndiye ambaye hakufurahia. Alibaki kwenye kiti chake na bibi mmoja kipofu na trei za mayai, na kila walipofika juu alikuwa amekunja uso zaidi. Maisha yake yote mabasi yaliposhindwa, yeye ndiye aliyeshuka. Sasa walishuka washona viatu na wauza vitunguu, na yeye anabaki ndani kuhesabiwa pamoja na mayai.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Walikuwa wanarudi kutoka hospitali, alasiri, na foleni iliwashika darajani mpaka watu wakaanza kufahamiana. Fundi alitoka kwenye mashine kama kawaida yake, mweupe midomoni, plasta mkononi, amechoka mpaka kwenye kope. Lakini alikuwa ameinama mbele, akiitazama namba kwenye dashibodi kupitia bega la mkewe.

"Zima kiyoyozi," alisema.

"Kilizimwa mwaka juzi."

"Redio je?"

"Haijawahi kuwepo."

"Basi zima taa."

"Mchana huu, mume wangu?"

"Basi zima mdomo, nao unakula chaji."

Abiria wa karibu walicheka, na Shangazi alicheka pia, akimtazama kwenye kioo cha ndani. Namba ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kufika nayo mguuni pa kilima. Alifungua milango. "Haya jamani, mnaijua kazi." Watu wakaanza kushuka. Bila kugeuka alimwambia mumewe, "Wewe kaa."

"Nimekaa," alisema Fundi.

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia mkewe, na lilikuwa la uongo. Shangazi aliinamia usukani, akasubiri kishindo cha mwisho cha miguu kwenye ngazi, akafunga milango akaondoka. Fundi alikuwa ameshuka mlango wa nyuma. Alisubiri mkewe atazame barabara, kama mtoto anayetoroka darasani, akateleza nyuma ya muuza vitunguu mwenye mwili mkubwa.

Mama Mayai alimwona. "We Fundi! Rudi ndani, mkeo atanikaanga."

"Nimelala kutwa kwenye kitanda cha watu. Acha ninyooshe miguu."

"Miguu gani hiyo?"

"Hii niliyokuja nayo."

Aliweka kiganja ubavuni mwa basi, akatembea. Alikuwa amekonda mpaka mkanda unamzunguka mara mbili. Basi lenye uzito wa tani kadhaa lisingeweza kutambua kwamba ameshuka, na fundi wa mabasi alilijua hilo kuliko yeyote pale. Alitembea hata hivyo. Baada ya kitambo alimgeukia Mama Mayai, akahema, akasema, "Halina sauti. Lakini linavuta." Akaongeza, "Usimwambie mke wangu nimesema."

Katikati ya kilima kiganja kiliteleza kwenye bati. Alikaa chini kwanza, kwa adabu, kama anayefunga kamba ya kiatu. Kisha akalala.

Watu walipiga kelele wakalipiga basi ubavuni. Walipiga kwa viganja, kwa ngumi, mmoja kwa kiatu. Walipiga kama walivyolipiga kila siku, mahali pale pale, ila kwa nguvu zaidi. Na Shangazi, ndani, alidhani leo wamepata moyo kwa sababu wameiona namba na wanajua hali ni mbaya. Akatoa mkono dirishani akawapungia. Kwenye kioo cha pembeni aliona kundi limebaki nyuma, baadhi wameinama. Watu hupumzika kilimani, hasa siku ya joto. Alirudisha macho mbele.

Mama Mayai, ambaye hakuwa ameumbwa kwa mbio, alikimbia. Alilifikia dirisha la dereva karibu na juu, akagonga bati chini yake kwa mikono miwili, mdomo wazi, pumzi imekata, neno halitoki.

"Mayai yako salama, mama!" Shangazi alimwambia kwa kicheko. "Usinisimamishe, tunafika!"

Na kupitia bega lake, kuelekea kiti cha nyuma yake, akasema, "Unaona? Nilikwambia linafika."

Bibi kipofu ndiye aliyemjibu. "Unasema na nani, mwanangu? Hapa nipo mimi tu."

Lilifika. Namba ilikuwa imebaki asilimia tatu. Shangazi alivuta breki, akageuka, akakiona kiti.

Watu walimbeba Fundi mpaka juu, wakamlaza sakafuni mwa basi, kati ya viti. Shangazi hakumruhusu mtu mwingine kuendesha, wala hakukuwa na mwingine. Alishuka kile kilima kuelekea hospitali, na kwa kuwa basi la umeme likishuka hujirudishia chaji, namba ilipanda njia nzima. Tatu, nne, sita. Hakuwahi kuiona ikipanda vizuri namna ile. Hospitalini walimpokea wauguzi wale wale waliomuaga saa chache kabla, wakamgusa shingo, wakatazamana.

Njia ilifungwa kesho yake. Tangazo lilisema ni kwa heshima ya marehemu. Halikusema mpaka lini. Watu wa juu walikuja msibani, na kila mmoja alimwambia Shangazi kwamba si kosa lake, kisha akaeleza kwa nini, mpaka yule aliyetaka kuamini hivyo angeanza kutia shaka. Mama Mayai hakuja siku za mwanzo. Alipokuja alileta trei nzima, akaiweka chini, akakaa akalia kwanza, halafu akasema yote: mlango wa nyuma, kiganja, maneno.

"Alisema linavuta?" Shangazi aliuliza.

"Alisema. Akaniambia nisikwambie."

"Mjinga," alisema Shangazi. "Mjinga mkubwa yule." Akainuka akaenda kuchemsha mayai, watu walikuwa hawajala, na akakaa huko jikoni mpaka maji yote yakakauka kwenye sufuria.

Mhandisi alikuja jioni moja watu walipokwisha kupungua. Alikaa mkekani, viatu amevishika mkononi kama mtu asiye na uhakika wa kukaribishwa.

"Ningekataa siku ile," alisema.

"Ungekataa, angekufa mwezi ule ule."

"Labda."

"Si labda."

"Basi tulimpa miezi."

"Tulimpa," alisema Shangazi. "Na mimi ndiye niliyewashusha watu."

Mhandisi aliaga, akavaa viatu mlangoni.

Betri mpya zilikuja. Kampuni nyingine, utepe mwingine, mgeni rasmi mwingine mwenye hotuba ya aina ile ile. Njia ya kilimani ikafunguliwa, na Shangazi, aliyepewa nafasi ya kuchagua njia ya tambarare, alichagua ile ile. Alipoulizwa kwa nini, alisema ndiko anakokaa. Betri za zamani zilitolewa mabasini. Hazikutupwa. Mhandisi alieleza kwamba betri isiyoweza tena kusukuma basi bado inaweza kukaa mahali ikahifadhi umeme, kwa ajili ya taa na mashine, umeme wa mji ukikatika. Zahanati ya kilimani ilipewa moja. Kwa kuwa sasa ilikuwa na umeme usiokatika, ikapewa na vitanda viwili, na mashine mbili za kusafisha damu.

Shangazi aliingia huko mchana mmoja, basi likiwa kituoni. Mhandisi alikuwa nyuma ya jengo, amefungua kabati la chuma. Ndani mlikuwa na masanduku ya kijivu, kimya, yamefungwa waya nene.

"Ilikuwa ya basi lipi?" aliuliza.

Mhandisi aligusa sanduku la juu kwa kidole. "Ya kwako."

Shangazi aliitazama. Haikuwa kubwa kama alivyodhani. "Na inaweza?"

"Hapa haipandi popote, Shangazi. Imekaa tu. Kwa kukaa, ina miaka mingi."

Kupitia dirishani alimwona mwanamume kitandani, mkono umenyooshwa, amelala huku mdomo wazi, na mashine ikizunguka taratibu kando yake. Nyumba ya mtu huyo ilionekana kutoka pale. Angerudi kwa miguu, akishikiliwa kidogo.

"Kampuni wanataka kuweka kibao," Mhandisi alisema. "Jina la Fundi. Hapa mlangoni."

"Wasiweke."

"Ni heshima tu."

"Atacheka mpaka afufuke, halafu tutafanya nini?" Aliufunga mlango wa kabati mwenyewe, akaujaribu kama umeshika. "Nina abiria."

Basi lilikuwa limejaa, wote wamekaa, mmoja anakohoa. Shangazi alipanda, akafunga milango, akaiangalia namba. Basi lilikuwa na chaji ya kushuka mpaka hospitali ng'ambo ya mji, na kurudi, na kwenda tena, mzigo wote ndani. Akaachia breki akaanza kuteremka, na namba ikazidi kupanda.